Namna ya Kupima Simulizi Zinazowahusisha Wauaji wa Mfululizo na Mashirika ya Kijasusi

Simulizi za aina hii humfikia mkazi wa Dodoma kupitia sauti iliyorekodiwa na kusambazwa katika makundi ya WhatsApp, au kijiweni wakati wa kahawa, na karibu zote hudai kwamba muuaji fulani maarufu wa Marekani alitengenezwa na CIA, shirika la kijasusi la Marekani. Ukiikubali yote au kuikataa yote utakosea, kwa sababu kwa kawaida sehemu yake ni ya kweli.

Anza kwa kuivunja simulizi katika madai madogo na kupima kila dai peke yake. Mfano mzuri ni Ted Kaczynski, ambaye mabomu yake yaliua watu 3 kabla hajakamatwa mwaka 1996. Dai la kwanza ni kwamba CIA iliendesha mradi wa siri wa MKUltra, wa kutafuta njia za kudhibiti akili za watu, kuanzia mwaka 1953, ambamo baadhi ya watu walipewa LSD, dawa ya kulevya inayoleta maono, bila kujua. Hilo ni kweli, na Seneti ya Marekani ililichunguza. Dai la pili, kwamba Kaczynski akiwa mwanafunzi wa Harvard alishiriki jaribio la mwanasaikolojia Henry Murray ambamo vijana walidhalilishwa makusudi, nalo ni kweli. Dai la tatu, kwamba jaribio hilo lilikuwa sehemu ya MKUltra, halijathibitishwa kwa waraka wowote. Na la nne, kwamba ndilo lililomfanya muuaji, ni gumu zaidi, kwani wenzake waliopitia jaribio hilohilo hawakutega mabomu.

Hapo msimuliaji atakujibu kwamba nyaraka ziliteketezwa, na atakuwa amesema kweli. Mwaka 1973 Richard Helms, mkurugenzi wa CIA, aliagiza faili za MKUltra ziharibiwe, na nyaraka zipatazo 20,000 zilinusurika kwa kuwa zilihifadhiwa pamoja na kumbukumbu za fedha. Hata hivyo, faili iliyochomwa huthibitisha kwamba kuna jambo lilifichwa, haithibitishi ni jambo gani. Kila dai linaloegemea pengo hilo liandikie "halijulikani", hata kama limesimuliwa kwa ufasaha.

Tazama pia kiungo cha mahali. Daktari wa akili Louis Jolyon West, aliyewahi kufadhiliwa na CIA, alifanya utafiti katika eneo la Haight-Ashbury, San Francisco, mwaka 1967, na Charles Manson, kiongozi wa kundi ambalo wafuasi wake waliua watu mwaka 1969, aliishi huko mwaka huohuo wa 1967. Lakini ushahidi kwamba walikutana haujapatikana. Mpangaji wa Majengo hawezi kubebeshwa mambo ya kila mpangaji wa Majengo.

Maungamo ya muuaji mwenyewe yasikuteke. Mmarekani Henry Lee Lucas alikiri mauaji kwa mamia na kudai alitumikia kundi la siri; kumbukumbu za kazi ziliashiria kwamba alikuwa Florida wakati wa mauaji ya Texas yaliyomletea hukumu ya kifo, na mwaka 1998 adhabu hiyo ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha.

Upimaji huu wa polepole unafaa kwa mambo ya kale ya ng'ambo. Uvumi unaowataja wageni waliopo kijijini sasa hauna subira hiyo: Oktoba 2016, huko Iringa Mvumi wilayani Chamwino, watafiti wa udongo kutoka Arusha pamoja na dereva wao waliuawa na wanakijiji waliowadhania kuwa wanyonya damu. Ukipokea ujumbe wa namna hiyo, usiusambaze. Mpigie mtendaji wa kijiji au polisi kwanza, umuulize kama wageni hao wamejitambulisha.

Kwa simulizi za Marekani, jibu lako kundini liwe fupi na la heshima, hasa aliyetuma akiwa mkubwa kwako: "Shikamoo mzee. Mradi wa MKUltra ulikuwapo kweli. Naomba waraka au shahidi anayeuunganisha na muuaji huyu, nausoma leo jioni."