Kutia klorini kwenye bidoni ya maji ya Ziwa Kivu

Hesabu hizi ni za bidoni ya lita 20 na unga wa HTH, yaani hipokloriti ya kalsiamu, wenye klorini asilimia 65 hadi 70. Unga unaouzwa kwenye vifuko visivyo na maandishi achana nao.

1. Tengeneza dawa mama: gramu 15 za unga, au kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa, kwa lita 1 ya maji safi. Maji kwanza, unga baadaye. Chombo kiwe cha plastiki, kwa sababu klorini hula chuma.

2. Iache itulie. Weupe unaouona si klorini. Unga ukiyeyuka, ioni (chembe zenye chaji) za kalsiamu huachana na za hipokloriti. Kalsiamu hukutana na kaboneti iliyomo majini, nazo hushikana kuwa chokaa isiyoyeyuka, inayozama. Miminia maji maangavu ya juu kwenye chupa isiyopitisha mwanga. Ukitikisa, chokaa itaziba sirinji na kipimo kitapungua.

3. Chuja maji ya ziwa kwa kitambaa kizito.

4. Tafuta kipimo. Panga bidoni 4, utie kwa sirinji mililita 1, 2, 3 na 4 za dawa mama. Kila mililita inaongeza miligramu 0.5 kwa lita. Mwongozo wa kawaida unasema subiri dakika 30. Kwa maji ya Kivu subiri saa nzima, na sababu ni pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: ikipanda, asidi hupungua. Ndani ya maji hipokloriti hugawana na asidi ya hipokloro, na asidi hiyo ndiyo muuaji hodari wa vijidudu. Kwenye pH 7.5 zinakaribia kuwa nusu kwa nusu. Maji ya juu ya ziwa yapo karibu na pH 9, na hapo asidi hubaki kama sehemu 3 tu kwa 100. DPD, yaani dawa ya kupima inayogeuza maji yenye klorini kuwa ya waridi, huzihesabu zote mbili pamoja, kwa hiyo rangi ya waridi inaweza kukufurahisha bure. Chagua bidoni inayosoma miligramu 0.4 hadi 1 kwa lita baada ya dakika 60. Usishushe pH kwa kukamulia ndimu kwenye dawa mama: itatoa gesi ya klorini, nayo ni sumu.

Tumia kidonge cha DPD namba 1, bila kukigusa kwa vidole. Namba 3 ni ya klorini yote, hata ile iliyokwisha kushikana na uchafu. Waridi ikitokea kisha ikafutika mara moja, usiandike sifuri. Huenda klorini ni nyingi mno na imeunguza rangi. Zimua sampuli upime tena.

Bidoni zote 4 zikisoma sifuri ya kweli, ama uchafu umemaliza klorini (klorini huunyang'anya uchafu elektroni, ikageuka kloridi isiyoua kitu), ama dawa mama imekufa. Tia mililita 2 kwenye lita 20 za maji masafi yasiyo na klorini. Yakisoma karibu na 1, dawa ni nzima, mchafu ni ziwa. Mvua ikinyesha, rudia jaribio lote.

5. Dawa mama ibadilishwe kila wiki, na kopo la unga likae mbali na petroli na mafuta, vikikutana huwaka.