Kahawa ya maziwa yenye povu: pika yako, pesa ibaki nyumbani

Mie nafanya kazi mjini Unguja, karibu na Shangani, na wenzangu wengi ofisini wanakunywa kahawa ya maziwa ya mkahawani kila siku ya kazi. Tuseme kikombe ni shilingi 7,000. Kwa siku 22 za kazi ni 154,000, na hapo hujagusa keki wala maji. Pesa hiyo inalipa umeme wa nyumba na bado inabaki ya kitoweo. Kahawa ile ile, pengine nzuri zaidi, inapikika jikoni kwako kwa vyombo ulivyonavyo.

Lakini kwanza tutenganishe mambo. Kahawa chungu ya barazani siigusi. Pale Jaws Corner na kwenye mabaraza mengine, muuza kahawa anakaa na dele lake juu ya makaa, anakutilia kikombe kidogo kwa sarafu, na kashata ipo. Kaka zangu, hiyo endeleeni nayo, kwa sababu nyumbani hamtaipata kwa bei hiyo, na habari za mji hazipikwi kwenye sufuria. Pesa inavuja kwenye vinywaji vya maziwa, povu na barafu.

Hesabu yenyewe iko hivi. Kikombe kimoja kizuri kinataka gramu 15 za kahawa iliyosagwa, yaani vijiko 3 vya mezani vya wastani. Robo kilo inatoa vikombe 16. Ukiinunua kwa shilingi 8,000, kahawa ya kikombe kimoja ni 500. Maziwa mililita 150, kama lita ni 3,000, ni 450. Ongeza sukari na gesi, bado hujafika 1,200. Weka bei za duka la kwenu, jawabu halitabadilika sana.

Sasa buni. Nyingi tunazokunywa hapa visiwani zinavuka bahari kutoka bara, na ziko za aina mbili. Robusta, ambayo ndiyo kahawa kubwa ya Kagera, ni kali na nzito, na kafeini yake ni kama mara mbili ya ile nyingine. Arabika inatoka Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, ina harufu nzuri na uchachu kidogo. Kwa kahawa ya maziwa mie nachanganya nusu kwa nusu, maana robusta haimezwi na maziwa. Kwa kahawa ya baridi natumia arabika tupu.

Ukizipata buni mbichi, nunua hizo. Bei yake ni rahisi kuliko ya iliyosagwa, na zinakaa miezi bila kuharibika mradi ziwe kavu. Kahawa iliyosagwa kwa hewa yetu hii ya unyevu, hasa masika, inapoteza harufu ndani ya siku chache tu baada ya kufunguliwa, na hapo ndipo watu wanapozidisha vijiko bila kupata ladha. Zimwage kwenye sinia uzichague: toa nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, na zilizovunjika. Ukinusa ukungu, mrudishie mwenye duka.

Kuzikaanga ndiyo kazi inayotaka moyo. Mama yangu, aliyeko Wete, ndiye aliyenifundisha, na neno lake lilikuwa moja: "Mwanangu, buni haina subira, ukigeuka tu imeungua." Chukua kikaango kizito cha chuma, kisiwe cha kile kinachopakwa dawa ya kutoshika. Tia gramu 200 tu, ili zilale tabaka moja au mbili. Moto wa wastani. Fungua madirisha, kwa sababu moshi utakuwepo, na kama una seredani uani, kaangia huko. Koroga kwa mwiko wa mbao bila kupumzika. Dakika za mwanzo hutaona kitu ila mvuke wenye harufu ya majani makavu. Halafu zinageuka manjano, harufu inakuwa ya mkate, kisha kahawia hafifu. Karibu na dakika ya kumi utasikia zinapasuka kama bisi. Huo ndio mlio wa kuungoja. Ukishapungua, hesabu dakika moja au mbili, epua. Ukitaka chungu ya kibarazani, endelea mpaka ziwe nyeusi na zianze kung'aa mafuta, lakini kwa maziwa usifike huko, utapata uchungu mtupu.

Ukiepua, usiziache kikaangoni, zinaendelea kuiva zenyewe. Zimwage kwenye ungo, toka nje, pepeta. Upepo unachukua maganda na kuzipoza kwa pamoja. Ziache wazi saa chache, kisha tia kwenye chupa yenye kifuniko cha kukaza na uiweke kabatini. Friji haifai, itanuka samaki. Zinywe kuanzia kesho yake, zikishatoa hewa. Na ujue zinapungua uzito: kilo mbichi itakurudishia gramu 800 na kitu, basi iingize hiyo kwenye hesabu.

Kusaga, kinu na mchi vinatosha. Blenda pia inafaa, ila ibonyeze kidogo kidogo, maana ikipata moto kahawa inapoteza harufu. Saga ya siku hiyo tu. Laini kwa ya moto, chenga chenga kwa ya baridi.

Kahawa nzito ya kuchanganya na maziwa haihitaji mashine, na nawaomba msinunue mashine kabla hamjajua kukaanga na kusaga. Chemsha maji mililita 130 kwenye dele au sufuria ndogo. Yakichemka epua, ngoja kidogo, tia vijiko vyako 3, koroga, funika dakika 4. Chuja kwa chujio la chai ulilotandika kitambaa safi cha pamba. Kahawa itafyonza maji, utabaki na kama mililita 100. Ukiichemsha muda mrefu pamoja na chicha itakuwa kali ya kukwaruza, na utaifidia kwa sukari.

Povu sasa, maana ndilo watu wanalolilipia. Maziwa ya ng'ombe ya kupimiwa yachemshe kwanza mpaka yafoke, hilo halina mjadala. Yaache yapoe mpaka kidole kivumilie. Chukua chupa ya jemu iliyo safi, tia maziwa yasizidi theluthi, funga, ifunike kwa kitambaa, itikise kwa nguvu kama nusu dakika. Usitie maziwa ya moto wa kuchemka, mvuke utasukuma kifuniko na kukuunguza. Fungua polepole, gonga kitako cha chupa mezani mara mbili ili mapovu makubwa yapasuke. Mimina maziwa juu ya kahawa huku umezuia povu kwa kijiko, kisha lilaze juu. Maziwa yaliyoongezwa maji povu lake linazimika upesi, kwa hiyo mjue vyema anayekuuzia.

Asiyetumia maziwa ana tui. Tumia tui la kwanza, zito, lipashe kwa moto mdogo huku unakoroga upande mmoja, liepue kabla halijachemka lisije likakatika. Kwa kahawa ya robusta tupu, tui ni zuri kuliko maziwa, na hapa mie sibishani na mtu.

Ile ya baridi ndiyo rahisi kupita zote, na mikahawani ndiyo ghali kupita zote. Gramu 60 za arabika ya chenga, nusu lita ya maji ya kunywa ya baridi, vyote ndani ya chupa, friji usiku kucha, saa 12 hadi 16. Asubuhi chuja mara mbili. Hiyo ni nzito, inatoa gilasi 4 ukiizimua kwa maji au maziwa, na inakaa siku kadhaa kwenye friji. Gandisha kiasi chake kwenye trei ya barafu, utie vipande hivyo badala ya barafu ya maji, gilasi haitachujuka hata ukikaa nayo mchana kutwa.

Shira za mkahawani nazo usinunue. Kikombe cha sukari, kikombe cha maji, hiliki 6 zilizopondwa, kijiti cha mdalasini, chemsha dakika 5, poza, chuja. Inakaa wiki mbili kwenye friji. Tangawizi nzuri kwenye ya moto, kwenye ya baridi siipendi. Karafuu moja tu kwa chungu kizima; mbili zinafukuza kahawa.

Ya kazini nabeba hivi: kahawa nzito kwenye chupa ya chai ndogo, maziwa yaliyochemshwa kwenye chupa ya jemu ndani ya friji ya ofisi. Ikifika saa 4 napasha maziwa kidogo, natikisa, nachanganya. Chupa ya chai ioshe siku hiyo hiyo kwa maji moto na magadi kidogo, kwa sababu mafuta ya kahawa yakilala humo yanachacha, na kikombe cha kesho kitakuwa na ladha ya jana.