Tamthilia ya kasri la Kichina: shika vyeo, acha majina

Hapa kwenye kibanda changu cha video Ujiji, wanaopotea ni wale wanaong'ang'ania majina. Shika vyeo. Hadithi ikiwa ya enzi ya Qing, ukoo wa kifalme wa China (1644 hadi 1912), malkia ni mmoja, na chini yake masuria wamepangwa ngazi kwa ngazi mpaka daying, wa chini kabisa. Angalia nani anapiga magoti na nani anabaki ameketi. Mtoto wa kiume akizaliwa, kaa macho: kiti cha ufalme hakikuwa cha mzaliwa wa kwanza moja kwa moja, mfalme alichagua mwenyewe, ndiyo maana wamama wanawindana vile.

Opera ya Beijing, mchezo wa jukwaani wa Kichina wa kuimba na kuigiza, naipenda zaidi. Soma rangi iliyopakwa usoni: mwekundu ni mwaminifu kama jemadari Guan Yu, mweupe laghai kama mtawala Cao Cao, mweusi mnyoofu kama hakimu Bao Zheng. Jukwaani meza moja na viti viwili vyatosha. Mchezaji akishika kiboko chenye vishada, yuko na farasi. Akiinua mguu na kuupitisha, amepanda. Akimkabidhi mtumishi kile kiboko, farasi kapelekwa kufungwa. Hapo mimi husimamisha picha na kurudisha nyuma, watu wauone mkono vizuri.