Pima mfongo kabla ya kugombania zamu

Januari ikishakausha ardhi na masika bado iko mbali, ugomvi kwenye mifongo ya Kilimanjaro (mifereji ya asili ya kumwagilia) na ndiva za Upare (mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya mfereji) huwa uleule. Wa juu anatuhumiwa kufungulia usiku, wa mkiani anaona tope tu, na kamati inakaa chini ya mti bila namba hata moja mkononi. Mmoja anasema maji ni mengi, mwingine anasema hayapo, na wote wawili wanaweza kuwa wa kweli: kila mmoja anasimulia alichokiona pale anaposimama.

Kupima kunahitaji tepu, rula, saa ya simu na chungwa. Nusu saa inatosha kwa kila kituo. Ifanyeni kazi hiyo kabla ya kikao.

Chungwa na saa

Tafuta kipande cha mfongo kilichonyooka, kisicho na mawe wala majani, chenye urefu wa mita 10. Piga vigingi viwili, mwanzo na mwisho. Pima upana wa maji, kisha kina katika sehemu tatu au nne za upana huo, utafute wastani. Achia chungwa mita moja kabla ya kigingi cha kwanza ili likifika pale liwe limeshashika mwendo, kisha anza kuhesabu sekunde. Rudia mara tano. Chungwa likigusa ukingo, mzunguko huo usiuhesabu. Chungwa ni bora kuliko jani kwa sababu sehemu kubwa yake inazama na upepo haulisukumi.

Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini yanayoburuza kwenye udongo, kwa hiyo kasi uliyoipata izidishe kwa 0.7 kwa mfereji wa udongo. Wengi hulisahau hili na kujikuta wana maji ya kwenye karatasi tu.

Tuchukue mfano. Kwenye banio, yaani kizuizi kinachochepusha maji ya mto kuingia mfongoni, upana ni sentimita 60 na kina sentimita 20, yaani eneo la mita za mraba 0.12. Chungwa linapita mita 10 kwa sekunde 25, kasi ya mita 0.4 kwa sekunde, mara 0.7 ni 0.28. Zidisha kwa eneo: karibu lita 34 kwa sekunde. Shuka hadi mkiani: upana sentimita 50, kina 15, sekunde 30. Hapo utapata lita 17.5. Kama siku hiyo hakuna aliyefungulia katikati, karibu nusu ya maji imeishia njiani, na hakuna ratiba ya zamu itakayoirudisha.

Yanapotelea wapi

Gaweni mfongo vipande, mpime mwanzo na mwisho wa kila kimoja. Mara nyingi sehemu kubwa ya upotevu imejikusanya katika mita chache, wala haikutapakaa mfongo mzima. Kwanza tazama banio lenyewe: likiwa la mawe, matawi na migomba, linavuja na kila mvua inalibeba. Kisha nenda kwenye vivuko vya ng'ombe ambako kingo zimebomoka na maji yametanuka na kuwa kina kifupi, na kwenye vipande vya kichanga. Usipuuze matundu ya kaa na fuko. Tundu la kaa lenye upana wa kidole gumba halitishi mtu leo, lakini maji yakishapata njia yanakomba udongo kutoka ndani, na siku ya zamu yako ukingo unaanguka.

Tundu likizibwa kwa tope juujuu hurudi wiki hiyohiyo. Lichimbe lote mpaka mwisho wake, ulitanue, kisha ulijaze mfinyanzi wenye unyevu wa kufinyangika bila kunata mkononi, tabaka za sentimita 10 hadi 15, kila moja ishindiliwe kabla ya inayofuata. Kipande cha kichanga nacho kinaweza kufunikwa mfinyanzi wa sentimita 20 hadi 30 kwa njia hiyohiyo. Msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa siku mbili kwenye mita 40 mbovu unaweza kuleta maji kuliko mwaka mzima wa kulaumiana.

Saruji itajadiliwa tu, haikwepeki. Inafaa kwenye banio, kwenye masanduku ya kugawia maji na kwenye mteremko mkali. Kwenye udongo mweusi wa mbuga inapasuka, kwa sababu udongo huo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka. Palipo na udongo mzuri, acha mwanya wa kupumulia kila mita 3 na uujaze lami, la sivyo zege litajitafutia lenyewe pa kupasukia.

Kabla ya kusakafia kokote, ulizeni kwanza maji yanayovuja yanakwenda wapi. Kwenye vihamba vya juu, yaani mashamba ya nyumbani ya mlimani, migomba na kahawa hunywa kutoka kwenye mfongo unaovuja, na chemchemi ndogo za chini huenda zinalishwa na uvujaji huohuo. Maji yanayozama kwenye kichanga kisicho na shamba wala kisima karibu ni hasara, lakini yale yanayoibukia kwenye kisima cha jirani ni mali ya jirani. Kipande cha namna hiyo kiacheni, mkazibe penginepo.

Kizingiti cha pembetatu

Chungwa linafaa kwa kuanzia. Kwa kugawa kila siku, wekeni kizingiti cha bati nene kwenye kila tawi, lenye mkato wa pembetatu wa nyuzi 90, ncha ikitazama chini. Bati likae wima na sawasawa, na maji yaanguke huru upande wa pili. Kina hupimwa kuanzia ncha ya mkato hadi uso wa maji, lakini kwa rula iliyosimikwa nyuma ya bati, upande maji yanakotoka, umbali usiopungua mara nne ya kina hicho, kwa sababu maji yanainama yakikaribia mkato.

Kina cha sentimita 5 ni lita 0.8 kwa sekunde. Sentimita 10 ni lita 4.4, 15 ni lita 12, 20 ni karibu lita 25. Ona hapo: kina kikiongezeka mara mbili, maji yanaongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana kukadiria kwa macho kunamponza hata mzee aliyezaliwa juu ya mfongo huo.

Makosa ni mawili hasa. Mchanga ukijaa nyuma ya bati, maji yanakuja kwa kasi na rula inasoma pungufu ya yanayopita. Maji ya upande wa chini yakipanda hadi kuizidi ncha ya mkato, rula inasoma zaidi ya ukweli, na mwenye tawi anahesabiwa maji asiyoyapata. Zoeni mchanga kila wiki.

Saa za zamu

Milimita moja ya maji juu ya ekari moja ni mita za ujazo 4 hivi. Mahindi yanayotoa mbelewele kwenye tambarare hutumia milimita 5 hadi 6 kwa siku, kwa hiyo milimita 50 kwenye udongo wa tifutifu huyafikisha siku nane hadi kumi. Hizo ni mita za ujazo 200 kwa ekari. Umwagiliaji wa mifereji ukifanywa vizuri hufikisha kwenye mizizi kama asilimia 60 ya maji yaliyoingia shambani, basi tayarisha karibu 340. Kwa lita 17.5 kwa sekunde, zamu ya ekari ni saa 5 na dakika 20. Lita 34 zote zingefika, zingetosha saa tatu kasoro.

Saa zihesabiwe maji yakifika shambani, si banio likifunguliwa. Mtu wa mkiani akihesabiwa tangu kufunguliwa, analipia kulowesha mfongo kwa niaba ya wote. Mashamba ya tawi moja yafuatane bila kurukaruka, maana kila mnapohama tawi mnalowesha mfereji mkavu upya.

Shambani, usimimine maji yote kwenye mfereji mmoja. Kwa mteremko wa asilimia 1, kila mfereji wa katikati ya matuta ubebe si zaidi ya lita 0.6 kwa sekunde. Kwa asilimia 2, lita 0.3. Ukizidisha, maji yanachimba na kushusha mbolea yako kwa jirani. Kwa hiyo kwa mteremko wa asilimia 1, lita 17.5 zinahitaji mifereji 30 hivi kwa wakati mmoja. Ili kujua kama yametosha, chukua nondo ya milimita 10 na kuisukuma ardhini kesho yake asubuhi: kwenye udongo uliolowa inazama, ikikuta pakavu inagoma. Ikizama sentimita 60 kwa mahindi, ya leo yametosha.

Kumwagilia kupita kiasi kuna adhabu yake, hasa tambarare za Kahe na jirani zake. Maji ya chini hupanda, jua huyafyonza, chumvi hubaki. Ukiona utando mweupe juu ya matuta na mahindi yamebaki mafupi kwa mabaka, hiyo ni dalili ya magadi. Kuongeza maji bila mtaro wa kutolea kunazidisha ugonjwa.

Maji ya usiku yaingie ndiva. Mfongo wa lita 10 kwa sekunde, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, unatoa mita za ujazo 360: bwawa la mita 20 kwa 15, kina mita 1.2. Utoro wa maji, yaani njia ya kumwagia yanayozidi, uwe chini ya kilele cha tuta kwa nusu mita, na usipande mti juu ya tuta. Mizizi ikioza inaacha mabomba. Panda nyasi. Kwa bwawa kubwa kuliko hilo, muite mhandisi.

Kinachofundishwa shuleni

Watoto wengi wa mlimani hukua wakiamini maji yao yanatoka kwenye theluji ya Kibo. Sehemu iliyo kubwa kabisa hutoka kwenye mvua ya ukanda wa msitu, ambayo upande wa kusini huzidi milimita 2,000 kwa mwaka. Si jambo dogo, kwa sababu anayeamini theluji ataona barafu inapungua na kukata tamaa, huku shoka likiendelea msituni. Wapeni wanafunzi kipima mvua na rula ya mfongo, wasome kila siku saa 3 asubuhi, waandike kwenye daftari moja lisilohama na mwalimu. Miaka mitatu ya daftari hilo itawafaa kuliko mabango ya maadhimisho.

Kwenye chanzo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu hifadhi yake, ndani ya mita 60. Wekeni alama za miti inayoonekana, maana mita 60 za kukadiria hupungua kila msimu wa kulima. Mikuyu na mringaringa zinafaa. Mikaratusi pelekeni mbali, kwenye kuni na nguzo.

Kibali na vyombo vitatu

Watu huchanganya vyombo hivi na kupoteza nauli. Chama cha wamwagiliaji kinaendesha skimu. Chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, chini ya RUWASA (Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini), kinahusika na maji ya bomba vijijini. Jumuiya ya Watumia Maji inasimamia mto au kijito chenyewe pamoja na watumiaji wake wote, na hiyo ndiyo inayokaa na Bodi ya Maji ya Bonde, ambayo kwa mifongo hii ni ya Bonde la Pangani. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inataka kibali cha kuchepusha maji, na inatambua pia haki za kimila, ila haki isiyoandikwa popote ni ngumu kuitetea mbele ya mradi mpya.

Kibali hutaja kiasi cha maji. Ukifika ofisini na vipimo vya banio vya kiangazi na vya masika, unaomba unachokijua. Ukienda mikono mitupu, utaandikiwa makadirio, na utakuta maji ya mwezi wa kumi hayafiki namba uliyolipia. Yanayobaki mtoni nayo yana wenyewe: bwawa la Nyumba ya Mungu, mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls, na mji wa Pangani, ambako mto ukidhoofu maji ya bahari hupanda ndani na chumvi yake.

Hivyo zamu ikiisha, maji yafungwe banioni, sio kwenye lango la shamba.