Usisubiri uone siku zako kwanza
Mashosti wa Mtwara, ukishamwachisha mtoto ziwa usijidanganye eti mpaka uione hedhi ndo mimba iingie, yai linatoka kama wiki 2 kabla ya damu, kwahiyo ukikaa kusubiri damu unaweza usiione mpaka ujifungue tena. Mi yalinikuta msimu wa kupulizia mikorosho, kichefuchefu kila asubuhi nasingizia harufu ya salfa, kumbe wapi! Na ile ya kunyonyesha kuzuia mimba inashika tu kama mtoto hajafika miezi 6, ananyonya usiku na mchana bila hata kijiko cha uji, na hedhi haijarudi, kimoja kikikosekana nenda kliniki uchague njia. Mzunguko ukirukaruka miezi ya mwanzo usipaniki, ila pima mimba kwanza.