Somo: Kope lililopooza. Jicho halifumbuki, au halifumbiki?

Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wenzangu wanaoandika misimbo ya matibabu kwa hospitali na kliniki za Marekani, walioko huko na wanaofanya kazi hiyo kwa mbali. Mfumo wa misimbo ya magonjwa uitwao ICD-10-CM unatumika huko tangu tarehe 1 Oktoba 2015, na hurekebishwa kila Oktoba, kwa hiyo fungueni toleo la mwaka wa huduma mnaposoma.

Hatua ya 1: Jua jicho linashindwa nini

Hapa ndipo tunapoanguka wengi. Daktari anaandika "kope la kulia limepooza", basi. Kiswahili chetu kina maneno mawili yanayotosha kulimaliza jambo hili: kufumbua na kufumba. Msuli unaoinua kope la juu unaendeshwa na mshipa wa fahamu wa tatu. Ukipooza, kope linaning'inia na jicho halifumbuki; hiyo ni tosisi, kundi la H02.4. Msuli wa mviringo unaolizunguka jicho unaendeshwa na mshipa wa saba, ule wa uso. Ukipooza, jicho linabaki wazi hata mgonjwa akilala. Hiyo ni lagofthalmosi, kundi la H02.2. Kupooza ni kule kule, lakini hali hizi mbili zimepeana mgongo.

Nilijifunza hili kwa uchungu. Nilipokea faili la mama mmoja mwenye palsi ya Bell, yaani kupooza kwa mshipa wa uso, aliyekuwa akilala na jicho la kulia limebandikwa plasta ili lisikauke. Alikuwa amewekewa kipande cha dhahabu ndani ya kope la juu ili uzito wake ulisaidie kushuka, upasuaji wa msimbo 67912 wa CPT, orodha ya misimbo ya upasuaji na huduma. Mimi nikaona neno "kupooza" nikaandika H02.431, yaani kope lililoning'inia. Bima ikalikataa dai, na ilikuwa na haki: nani anamwekea uzito mtu ambaye kope lake tayari limeshuka? Nilipaswa kuandika H02.231, lagofthalmosi ya kupooza ya kope la juu la kulia, pamoja na G51.0 ya palsi ya Bell. Mama yule alisumbuliwa na barua za deni kwa kosa langu, na sijamsahau.

Hatua ya 2: Tafuta chanzo

Kama ni tosisi, usikimbilie H02.43, ya kupooza, kabla ya kusoma maelezo yote. Udhaifu wa msuli wenyewe ni H02.42. Kope lililolemewa na uvimbe au kovu ni H02.41. Aliyezaliwa nayo ni Q10.0, na huyo hachanganywi na H02 kwa hali hiyo hiyo. Sindromu ya Horner, hitilafu ya mishipa ya fahamu ambayo nayo hushusha kope, ina msimbo wake, G90.2. Chanzo kisipotajwa, H02.40 ipo kwa ajili hiyo, lakini muulize daktari kwanza. Muulize kwa swali lililo wazi. Usimwekee jibu mdomoni.

Hatua ya 3: Upande

Kwenye tosisi tarakimu ya sita ni rahisi: 1 kulia, 2 kushoto, 3 pande zote mbili, 9 upande haukutajwa. Kwenye lagofthalmosi mpangilio unabadilika: 1 ni kulia juu, 2 ni kulia chini, 4 kushoto juu, 5 kushoto chini. Ukizoea tosisi, mkono utaandika H02.232 ukidhani ni kushoto, kumbe ni kope la chini la kulia. Soma maelezo ya msimbo kila mara, hata kama umeandika mia.

Hatua ya 4: Kumbukumbu zinazolibeba dai

Kwa upasuaji wa tosisi, bima kwa kawaida hutaka kuona kwamba kope linaziba uoni. Tafuta kipimo kinachoitwa MRD1: umbali kutoka mng'ao wa tochi katikati ya mboni hadi ukingo wa kope la juu. Kwa kawaida ni milimita 4 hadi 5. Tafuta pia nguvu ya msuli kwa milimita, picha ya macho yakitazama mbele, na kipimo cha uwanja wa kuona kope likiwa limeachwa na likiwa limeinuliwa kwa plasta. Hali ya mboni na mwendo wa jicho viwepo pia. Tosisi ya ghafla yenye mboni iliyotanuka inaweza kuwa mshipa wa damu uliovimba ubongoni, na daktari atakayelisoma faili kesho anahitaji kujua mboni ilikuwaje leo.

Hatua ya 5: Upasuaji ulingane na ugonjwa

Kuufupisha msuli unaoinua kope kwa kupitia ngozi ni 67904. Msimbo huo hufuatwa na kiambishi cha kope: la juu la kushoto hubeba E1, la juu la kulia E3. E1 ikikaa na H02.431, dai litarudi.

Maswali ya wenzangu

"Mwalimu, daktari wa kliniki ameandika 'inashukiwa miasthenia'. Niweke G70.00?"
Hapana, dada. Miasthenia ni ugonjwa wa kudhoofika kwa misuli, na G70.00 ni msimbo wake, lakini kwa mgonjwa wa nje hatuandiki msimbo wa kinachoshukiwa. Andika kilichoonekana, yaani tosisi na upande wake, kwa H02.40. Kwa aliyelazwa, kama shaka hiyo bado imeandikwa wakati wa kuruhusiwa, kanuni ni nyingine: huandikwa kana kwamba ugonjwa upo.

"Mgonjwa ana palsi ya mshipa wa tatu kulia, na kope limeshuka. H49.01 na H02.431 pamoja?"
Kushuka kwa kope ni sehemu ya palsi hiyo, kwa hiyo kwa ziara ya kawaida mimi huandika H49.01 peke yake. Akirudi kufanyiwa upasuaji wa kope, hapo tosisi ndiyo inayotibiwa: H02.431 inatangulia, H49.01 inafuata.

"Shikamoo mwalimu. Mimi niko Dodoma, tunatumia ICD-10 ya WHO. Sioni hizo tarakimu za mwisho."
Marahaba, mwanangu. Huzioni kwa sababu hazimo. Toleo la WHO, Shirika la Afya Duniani, linaishia H02.4: halitofautishi kulia na kushoto, wala kupooza na kovu. Kwa hiyo kwako maneno ya daktari ndiyo kila kitu. Mwombe aandike upande, chanzo, na kama jicho halifumbuki au halifumbiki. Lagofthalmosi kwako ni H02.2, na palsi ya Bell inabaki G51.0 kama kwenye ICD-10-CM.