Kumlea Mbwa wa Zizi kwa Manufaa ya Mifugo

Kabla ya mwanadamu kufuga kondoo au ng'ombe, alikuwa tayari akiishi na mbwa. Mabaki yaliyofukuliwa Bonn-Oberkassel, Ujerumani, yanaonyesha kwamba miaka ipatayo 14,000 iliyopita mbwa alizikwa pamoja na watu. Asili ya mnyama huyo si mbwa mwitu wa mbuga zetu, bali ni yule wa kijivu wa Ulaya na Asia.

Hata hivyo, uzoefu huo wa kale hautoshi kumfanya mbwa awe mlinzi. Kila kitoto cha mbwa hujifunza upya nani ni mwenzake, na hujifunza zaidi kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi. Kwa hiyo mfugaji wa Molo au Kuresoi anayetaka mbwa wa kulinda kondoo amwache kwa mama yake hadi wiki ya 8, kisha amweke karibu na wana-kondoo, mahali wanapoonana na kunusana, huku watu wa boma wakimshika kila siku bila kumpiga. Mbwa anayefungwa mnyororo tangu utotoni anaweza kuwa mkali kwa watu, hata kwa mwenye boma, na ukali huo si ulinzi.

Kwa chakula, mbwa humeng'enya wanga vizuri kuliko mbwa mwitu wa kijivu, ndiyo maana hustahimili ugali. Lakini ugali mtupu humdhoofisha, basi uchanganywe na omena iliyochemshwa au mabaki ya nyama iliyopikwa.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni matumbo mabichi. Kondoo anapochinjwa nyumbani, maini na mapafu yenye vibofu vya maji hutupiwa mbwa, na ndani ya vibofu hivyo mna mabuu ya tegu ambayo hukomaa katika utumbo wa mbwa, kisha mayai yake hutoka na kinyesi na kuwafikia watoto, mboga na malisho. Mtu akiyameza, vibofu humwota kwenye ini au mapafu. Tegu mwingine hupatikana mbwa anapokula ubongo wa kondoo, na mayai yake ndiyo huwaletea kondoo ugonjwa wa kuzungukazunguka mahali pamoja hadi kufa. Viungo vyenye vibofu vichomwe au vifukiwe kwenye shimo refu. Vingine vichemshwe kwa nusu saa au zaidi. Mbwa apewe dawa ya tegu yenye prazikwanteli kila baada ya miezi 3, na dozi ikadiriwe kwa uzito wake. Kumnywesha dawa ya kondoo iliyobaki kwenye chupa, kama wengi wafanyavyo, ni kubahatisha.

Wenye ng'ombe wa maziwa wafukie pia kondo la nyuma na ndama aliyetoka kabla ya wakati, kwani mbwa akivila anaweza kueneza kimelea cha Neospora, ambacho husababisha ng'ombe kuharibu mimba.

Chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe mbwa akiwa na miezi 3, kisha irudiwe kila mwaka. Mtu aliyeumwa na mbwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 na aende hospitali siku hiyo hiyo. Mbwa mwenyewe, ikiwa anaweza kufungiwa kwa usalama, asiuawe kwa hasira, bali atazamwe kwa siku 10 na afisa wa mifugo wa wadi aarifiwe. Matibabu ya aliyeumwa yasingojee siku hizo zipite.